Filta ya tangi la samaki: ipi ununue, ipi uiache dukani

Anayenunua tangi la samaki kwa mara ya kwanza humaliza fedha kwenye kioo, taa na mapambo, halafu filta anachukua yoyote itakayotosha kwa chenji iliyobaki. Angeanzia hapo. Taa hafifu haimuui samaki. Amonia humuua, na amonia anaitoa mwenyewe kupitia matamvua na kinyesi, huku chakula kinachooza chini kikiiongeza.

Kazi kubwa ya filta si kuzoa takataka unazoziona. Ndani yake hukaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Kwa hiyo nimepanga filta hizi kwa maswali mawili: bakteria watapata nafasi ya kutosha? Na wewe utaweza kuiosha bila kuhangaika wala kuwaua?

1. Filta ya sponji

Ni sponji iliyochomekwa kwenye bomba, na pampu ya hewa nje ya tangi. Mapovu yanapopanda ndani ya bomba huvuta maji kupita kwenye sponji. Haina mota ndani ya maji, haimezi vifaranga wala kamba wadogo, na kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Kwa tangi lisilozidi lita 80 hivi, sioni sababu ya kutafuta nyingine. Tangi likiwa kubwa zaidi, weka mbili, uwe unaosha moja huku nyingine ikiendelea na kazi.

Kasoro zake? Haipendezi machoni, pampu hunguruma usiku, na vumbi jembamba linaipita. Jambo moja usilipuuze: umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi nyuma kwenye mpira wa hewa hadi kwenye pampu, na kutoka hapo hadi sakafuni. Weka pampu juu kuliko usawa wa maji, au nunua vali ya kuzuia maji kurudi. Ni kidude cha bei ndogo sana. Usitoke dukani bila hicho.

2. Filta ya kuning'inia ukingoni

Hukaa nyuma ya tangi, huvuta maji na kuyamwaga juu kama maporomoko madogo. Inafaa matangi ya lita 60 hadi 200, na kuifungua ni kazi ya dakika chache. Tatizo ni vile vibao vya kuchujia vinavyokuja nayo, ambavyo maelekezo hukutaka uvitupe kila mwezi. Ukivitupa, umetupa na bakteria. Mimi ningeng'oa kibao hicho na kujaza sponji iliyokatwa kwa kipimo pamoja na vipande vya kauri. Mkaa uliomo huchoka ndani ya wiki chache. Faida yake kubwa ni kuondoa mabaki ya dawa baada ya kutibu samaki.

Muulize pia muuzaji kama inajiwasha yenyewe umeme unaporudi. Baadhi hushindwa kuvuta maji na mota ikazunguka kavu.

3. Filta ya mkebe

Kwa kusafisha maji, hii inazishinda zote. Ni mkebe uliofungwa, wenye mipira inayopeleka na kurudisha maji ya tangi. Hukaa chini ya meza, ina nafasi tele ya bakteria, na inamfaa mwenye tangi la lita 200 na zaidi, au anayefuga samaki wa dhahabu, ambao huchafua maji kupita kiasi. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ni ghali na kuifungua ni shughuli, kwa hiyo wengi huahirisha. Tena umeme ukikosekana kwa saa nyingi, oksijeni huisha ndani ya mkebe na bakteria hufa. Ikitokea hivyo, ioshe kabla ya kuiwasha.

4. Ya kuzama, na ya chini ya changarawe

Ya kuzama inakula nafasi ndani ya tangi na sponji yake ndogo huziba haraka. Ya chini ya changarawe hukusanya uchafu mahali ambapo mkono haufiki. Iache.

Lita kwa saa zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa filta ikiwa tupu, kwa hiyo zipunguze kichwani. Tafuta inayozungusha maji ya tangi mara 4 hadi 6 kwa saa, isipokuwa kwa samaki wenye mapezi marefu kama beta, wanaochoshwa na mkondo mkali.

Filta mpya huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hawajatosha, na huwa wanahitaji chanzo cha amonia ili waongezeke. Kipande cha sponji kutoka tangi lenye samaki wazima hufupisha muda huo. Oshea sponji kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, maana klorini ya bombani huua bakteria. Naitreti haiondoki kwa filta, hivyo badilisha robo ya maji kila wiki.

Ukinunua filta iliyotumika, usihesabu bakteria wake kama imekaa kavu. Kagua kitu kinachozunguka ndani ya mota na mpira wa kuzuia uvujaji, na uhakikishe vipuri vyake bado vinauzwa.