Paipu za intakula kwenye Subaru ya turbo: inchi 2.5 au inchi 3?

Intakula ni kipoza hewa: hupoza hewa iliyoshinikizwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini. Kwa gari lenye EJ20, injini ya Subaru ya lita 2, linalokwenda kazini kila siku, funga inchi 2.5 bila kusita. Paipu ya inchi 3 ina eneo la ndani kubwa zaidi kwa asilimia 44, na nafasi yote hiyo lazima ijae presha kabla injini haijapata nguvu. Intakula ikiwa mbele, nyuma ya bampa, paipu zenyewe ni ndefu; ukikanyaga mafuta ili upite lori, turbo inachelewa kuitikia. Tena kuipitisha paipu pana kando ya betri ni kazi ya kukata vyuma.

Inchi 3 inafaa turbo ikiwa kubwa na unatafuta nguvu nyingi kweli.

Upande wa kunyonya, kabla ya turbo, hesabu inageuka: hapo upana unasaidia, maana hakuna presha ya kujaza. Ila ukipanua kipande chenye sensa ya hewa, kompyuta itasoma hewa pungufu, itapunguza petroli, na injini itaanza kugonga, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli unajilipukia wenyewe ndani ya silinda. Kugonga huko huvunja pistoni. Fundi apange programu upya kabla hujaikanyaga.