Bohemian Rhapsody kwa macho ya mtu wa Unguja

Jina la Zanzibar hutajwa katika filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018 kwa kupita tu, na aliyeinama kuokota bisi hatalisikia. Nimeitazama mara tatu nyumbani kwetu Kikwajuni, na kila mara jambo hilo limenikera kidogo, kwa sababu Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen ambaye filamu inasimulia maisha yake, alizaliwa hapa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi ambayo baba yake alikuwa mshika fedha mahakamani wakati wa Mwingereza. Alipelekwa shule ya bweni India akiwa bado mdogo, akarudi, kisha mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akahamia Uingereza na wazazi wake akiwa na miaka 17. Yote hayo filamu inayaruka, ikaanza kumfuata akiwa kijana anayebeba mizigo katika uwanja wa ndege wa Heathrow.

Hilo tukilisamehe, ni filamu ya kuburudisha kweli kweli, hasa pale inapoonesha kazi ya muziki yenyewe. Sehemu niliyoipenda kupita zote ni ile ya shambani, ambako kundi la Queen linarekodi wimbo uliotoa jina la filamu. Mpiga ngoma, Roger Taylor, anaambiwa arudie neno “Galileo” kwa sauti ya juu, kisha ya juu zaidi, kisha tena, mpaka mtazamaji mwenyewe anahisi koo linamkauka. Aliyewahi kukaa katika mazoezi ya taarabu, akaona wapiga fidla wakirejeshwa kwenye bashraf (muziki wa kufungulia, usio na maneno) ile ile hadi usiku mkubwa, atacheka kwa kuwa anayajua mambo hayo. Na neno “Bismillah” lilipoimbwa, mama, aliyekuwa akipita na birika la chai, alisimama mlangoni akauliza hawa ni watu gani.

Rami Malek, anayemwigiza Freddie na aliyepata Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2019, anastahiki sifa zake. Tazama namna anavyoivuta midomo kuyafunika meno ya bandia aliyovalishwa, kwani Freddie alikuwa na meno manne ya ziada na aliyaonea haya. Sauti inayosikika kwenye nyimbo, hata hivyo, kwa sehemu kubwa ni ya Freddie mwenyewe kutoka katika rekodi, ikichanganywa na ya mwimbaji Marc Martel. Onesho la hisani la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985 katika uwanja wa Wembley limeigizwa kwa uangalifu mkubwa, hata vikombe vya Pepsi vimepangwa juu ya piano kama vilivyokuwa siku ile. Kwa ajili ya sehemu hiyo, azima spika nzuri, kwa maana spika ya simu haitakutendea haki.

Linaloniudhi ni tarehe. Filamu inataka tuamini kwamba Freddie alilivunja kundi kwa tamaa ya kuimba peke yake, na kwamba aliwaeleza wenzake mazoezini habari za maradhi yake ya UKIMWI siku chache kabla ya Live Aid. Ukweli ni kwamba Taylor alishatoa albamu yake binafsi tangu mwaka 1981, na Queen walitoa albamu ya The Works mwaka 1984 na kuzunguka nayo hadi mwaka uliofuata. Habari za maradhi, kwa masimulizi ya watu wake wa karibu, ni za mwaka 1987 hivi. Kwa hiyo machozi yanayotutoka mazoezini yametafutwa kwa hila, nami nilipolijua hilo nilijiona nimepunjwa.

Kwa upande huo naipenda zaidi Rocketman ya mwaka 2019, inayohusu maisha ya Elton John, iliyoongozwa na Dexter Fletcher, yule yule aliyeimalizia Bohemian Rhapsody baada ya mwongozaji wake wa kwanza, Bryan Singer, kuondolewa. Humo watu huanza kuimba na kucheza katikati ya maisha yao, na mtazamaji anaelewa kwamba anasimuliwa ndoto. Zote mbili, niseme mapema, zina mambo ya ulevi na mapenzi ambayo si ya kutazamwa sebuleni pamoja na watoto.

Anayetaka kukijua kile kilichorukwa, Shangani ipo makumbusho ndogo ya Freddie iliyofunguliwa mwaka 2019. Ni afadhali aanzie huko, kisha ndiyo arudi nyumbani kuitazama filamu.