NARMS Now: Takwimu nzuri, ramani ya kusomwa kwa tahadhari

Kwa anayefuatilia usugu wa dawa katika bakteria wanaotupata kupitia chakula, NARMS Now: Human Data, huduma ya bure ya CDC (kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa), ni miongoni mwa vyanzo vichache vinavyomwachia msomaji achambue takwimu mwenyewe badala ya kungoja ripoti ya mwaka. Unachagua bakteria, dawa, miaka na eneo, na kumbukumbu zinarudi nyuma hadi 1996, ulipoanzishwa NARMS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia usugu huo.

Mfano unaofaa kuanzia ni Campylobacter, bakteria wanaosababisha kuhara, na ciprofloxacin, dawa ya antibiotiki. Usugu uliokuwa asilimia 13 mwaka 1997 ulikaribia asilimia 25 mwaka 2011, ingawa tangu 2005 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilikuwa imeondoa kibali cha kuwatibu kuku kwa enrofloxacin, dawa ya kundi moja na hiyo. Aliyedhani kwamba marufuku peke yake ingeushusha usugu huo atakuwa na la kutafakari.

Ramani ya majimbo ndiyo inayovutia zaidi, na ndiyo ninayoiamini kwa uchache zaidi. Maabara za majimbo hutuma sampuli moja tu katika kila 20 za Salmonella isiyo ya taifodi, kwa hiyo jimbo dogo, likichujwa kwa aina moja ya Salmonella na mwaka mmoja, laweza kubaki na sampuli tatu. Moja ikiwa sugu, tayari ni asilimia 33, na asiyetazama idadi ya zilizopimwa atashtuka bure.

Thamani halisi imo katika faili la kupakua, ambalo kila mstari wake ni sampuli moja, pamoja na rika la mgonjwa, kama sampuli ilitoka kwenye damu au kinyesi, na kiwango cha chini kabisa cha dawa kilichozuia bakteria kukua. Safu hiyo ya mwisho ni muhimu mno, kwa sababu vigezo vya usugu hubadilika: Salmonella iliyozuiwa na mikrogramu 0.25 za ciprofloxacin kwa mililita ilihesabiwa kuwa inatibika, lakini kwa vigezo vya 2012 imehamishiwa daraja la kati, kati ya inayotibika na sugu. Mwenye faili anaweza kuhesabu upya miaka yote kwa kigezo kimoja; mwenye grafu pekee hawezi.

Dosari yake kubwa ni kwamba inahusu binadamu tu. Anayetaka kulinganisha wagonjwa na nyama ya dukani au mifugo ya machinjioni atalazimika kuhamia kwenye kurasa za FDA.