Kuziba dakti za AC juu ya dari, Tabora: mastiki, tepu ya foili na dakti laini baada ya kiangazi na masika

Kwanza mfumo wenyewe, ili ujue unalinganisha na nini. Ni AC ya kufichwa darini, BTU 24,000, imening'inizwa kwenye kenchi juu ya korido ya nyumba ya Tabora mjini. Inapeleka hewa vyumba vitatu na sebule kwa dakti za bati, yaani mabomba ya kupitishia hewa, na mwishoni kuna vipande vya dakti laini za inchi 8, zile zinazopindika, zenye bomba la ndani, sufi na ganda la nje. Hewa inarudi kwa grili moja kubwa ya korido. Juu ni bati, chini jipsamu, na katikati hakuna sufi ya kuzuia joto. Mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, nafasi hiyo huweza kupita nyuzi 50. Dakti zote zinapita humo.

Dalili zilikuwa tatu. Chumba cha karibu na mashine kinapoa hadi mtu anatafuta blanketi, cha mwisho hakipoi. Filta inajaa vumbi muda mfupi tu baada ya kuoshwa. Na mvua zikianza Novemba, jipsamu inapata madoa ya kahawia hata pale ambapo bati halivuji.

Ukimwita fundi kwa dalili hizi, neno la kwanza karibu kila mara ni, "Mzee, gesi imepungua, tuongeze kidogo." Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli, inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna pahala inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kulipia hewa. Kabla hujakubali, chukua kipimajoto cha kawaida. Pima hewa inayoingia grili ya kurudi, kisha inayotoka mdomoni mwa mashine. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 11, mashine inafanya kazi yake. Kisha pima kwenye grili ya chumba cha mwisho. Kwangu hewa ilirudi ikiwa nyuzi 25, ikatoka mashineni 14, ikafika chumba cha mwisho ikiwa 21. Nyuzi saba zilipotelea juu ya dari, na hapo gesi haihusiki kabisa.

Kutafuta matundu hakuhitaji chombo cha gharama. Washa feni peke yake, panda darini na kijiti cha udi kinachofuka, ukisogeze taratibu kwenye kila kiungo. Upande wa kupeleka, moshi unasukumwa pembeni. Upande wa kurudi unamezwa, na huo ndio upande watu wanaoupuuza. Tundu la upande wa kurudi linavuta hewa ya moto ya darini pamoja na vumbi na kinyesi cha popo, na kwa nyumba za Tabora zenye miembe jirani, popo hawakosekani. Yote hayo yanapita kwenye koili, yale mabomba baridi ya ndani ya mashine yanayopoza hewa, na kuingia chumba cha kulala. Ukiwa na fedha ya kuziba upande mmoja tu, ziba huo.

Sasa vifaa.

Mastiki ya dakti ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko vyote, na ndiyo ngumu kuipata. Dukani Tabora sikuipata. Iliagizwa Dar ikaja na basi. Ni uji mzito wa kijivu, wa maji, unaopakwa kwa brashi na kubaki na unyumbufu ukikauka. Unyumbufu huo ndio unaolipiwa, kwa sababu bati linatanuka mchana na kusinyaa usiku. Jipsamu ya kujazia, ambayo baadhi ya mafundi huipaka kwenye viungo, haifuati mwendo huo. Inapasuka na kudondoka vipande vipande. Foamu ya kopo nayo haifai: inaacha mianya pembeni, na nyingi zinashika moto.

Paka unene wa milimita 2, upana wa sentimita 5 ukipita katikati ya kiungo. Hesabu ya kununulia ni rahisi: kwa unene huo lita moja inafunika nusu mita ya mraba. Kiungo cha dakti ya inchi 8 kina mzunguko wa sentimita 64, hivyo kinakula kama mililita 64. Lita moja inatosha viungo kumi na tano ukiwa makini, lakini hesabia kumi na mbili, maana brashi inakunywa na nyingine inamwagika. Sanduku la hewa lililounganishwa na mdomo wa mashine linakula zaidi kwa sababu ya kona zake.

Mwanya ukizidi milimita 6, mastiki peke yake itazama au itapasuka. Weka kwanza neti ya faibaglasi, ileile yenye gundi wanayotumia mafundi jipsamu kuungia mbao za dari, kisha paka juu yake hadi matundu ya neti yasionekane. Hiyo neti ipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Na kabla ya kupaka chochote, kaza kiungo: skrubu za bati tatu kwa kila kiungo cha duara, kwa nafasi sawa. Mastiki inazuia hewa tu, haibebi uzito. Kiungo kinachocheza kitaachia hata ukimwagia ndoo nzima.

Iache ikauke saa 24 kabla ya kuwasha. Wakati wa kiangazi cha Tabora inakauka mapema zaidi, lakini masika usiharakishe. Juu inaweza kuwa kavu na ndani bado mbichi.

Tepu ya foili naipa alama za kati. Hapa tofautisha tepu mbili ambazo muuza duka atakupa kwa jina moja. Ile ya kitambaa yenye rangi ya fedha, inayochanika kwa mkono, usiitumie kwenye dakti. Maabara ya Lawrence Berkeley kule Marekani iliijaribu mwaka 1998 pamoja na aina nyingine za kuzibia, na ile ya kitambaa ndiyo iliyoshindwa: gundi inakauka kwa joto, tepu inajikunja na kuachia. Unayotaka ni ya alumini halisi, yenye karatasi nyuma ya kubandua. Zile bora zimechapishwa alama ya UL 181, kiwango cha Marekani cha vifaa vya dakti, kwenye uso wake, mita hadi mita. Ukifunua rola ukaona haina alama yoyote, ihesabu ni ya kubandikia foili ya nje tu, si ya kuzuia shinikizo.

Kushindwa kwa tepu ni suala la vumbi. Vumbi la darini Tabora ni laini, jekundu, na linakaa kila mahali. Futa bati kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa spiriti, subiri likauke, bandika, halafu sugua kwa kadi ngumu hadi tepu ionyeshe alama za bati lililo chini yake. Kipande cha inchi 8 kikate sentimita 70 ili kipandane. Pale bati lilipokuwa limefutwa vizuri, tepu imeshika kiangazi chote. Pale lilipokuwa na mabaki ya gundi ya tepu ya zamani, ncha zilianza kuinuka. Hapo mastiki ndiyo iliyookoa. Mimi sasa naitumia tepu kwenye viungo vinavyohitaji kufunguliwa tena, kama kifuniko cha filta, na kwenye ganda la nje la dakti laini. Kwingine kote ni mastiki.

Dakti laini yenyewe si mbaya, ufungaji ndio unaoiharibu. Zile za zamani nilizozitoa zilikuwa ndefu kupita kiasi, zimekunjwa juu ya kenchi na kufungwa kwa waya mwembamba uliozibana kiuno. Dakti laini isiyovutwa ina mikunjo ndani, na upinzani wa hewa unaongezeka mara kadhaa. Mashine hizi za darini zina feni dhaifu, hazina nguvu ya kupambana na hilo. Kata urefu unaohitajika tu, ivute hadi inyooke, ishikilie kila mita 1.2 kwa mkanda wenye upana wa sentimita 4, isibonyee zaidi ya sentimita 4 kwa kila mita. Kona iwe ya mviringo, nusu kipenyo chake kisipungue kipenyo cha dakti yenyewe. Na fundi akikuambia inchi 6 "ni karibu sawa tu" na inchi 8, mkatalie: eneo la inchi 6 ni zaidi kidogo ya nusu ya inchi 8.

Kuunganisha kwenye kola ya bati, ile shingo fupi inayovishwa dakti, kuna mpangilio wake. Rudisha nyuma sufi na ganda la nje. Paka mastiki kwenye kola. Livishe bomba la ndani juu ya kola hadi liingie sentimita 5. Kaza kwa klipu ya chuma au mkanda wa plastiki mpana, ukivuta kwa koleo, si kwa vidole. Ndipo urudishe sufi hadi iguse bati, kaza mkanda wa pili juu ya ganda, na uzibe ncha kwa tepu ya foili. Hatua hii ya mwisho ndiyo wanayoiruka, na ndiyo chanzo cha yale madoa ya kahawia. Hewa ya masika ikiwa nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 80, inaanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 22. Dakti ina 15. Popote ganda lilipotoboka, unyevu unaingia, unakutana na baridi, sufi inalowa, na tone linaanguka kwenye jipsamu. Watu wanapanda kuziba bati la paa wakati bati halina kosa. Panya wakitoboa ganda matokeo ni hayohayo, kwa hiyo kagua masika yakikaribia. Dakti laini za sokoni nyingi zina sufi ya milimita 25; ukipata ya 50, chukua hiyo.

Jambo moja halikuwa kwenye dakti kabisa. Chumba kisicho na grili ya kurudi, mlango ukifungwa, hewa haina pa kutokea na inagoma kuingia. Uwazi wa sentimita 2 chini ya mlango wa sentimita 80 unatoa sentimita za mraba 160, pungufu hata ya bomba la inchi 6. Grili ya kupitishia hewa juu ya mlango ilisaidia chumba cha mwisho kuliko nilivyotarajia.

Matokeo: chumba cha mwisho sasa kinapata hewa ya nyuzi 16 badala ya 21, filta inakaa safi muda mrefu zaidi, na masika yaliyopita jipsamu haikuongeza doa. Kisichobadilika ni joto la dari lenyewe saa za mchana. Kuziba dakti hakuzuii bati kupika nyumba. Hilo linahitaji sufi juu ya jipsamu, na ni kazi nyingine.

Kwa anayefanya mwenyewe: zima umeme kwenye swichi kuu, panda alfajiri kabla bati halijawaka, kanyaga mbao na kamwe si jipsamu. Vaa barakoa ya N95 na mikono mirefu, kwa ajili ya sufi na zaidi kwa ajili ya kinyesi cha popo. Kinyunyizie maji kabla ya kukigusa, kwani vumbi lake kikiwa kikavu linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Ukimaliza, angalia koili baada ya mashine kufanya kazi saa chache. Ikiganda barafu, hewa haipiti vya kutosha: anza na filta, kisha tafuta dakti iliyojikunja. Mastiki iliyobaki ifunike kwa nailoni iguse uso wake kabla ya kufunga kopo, la sivyo mwakani utakuta jiwe.