Fundi anayepokea TV za chogo Sinza: nampa nyota nne

Matangazo ya TV ya analojia yalipozimwa Dar mwishoni mwa 2012 tulikimbilia ving'amuzi. Flati zikaja kushuka bei, chogo zikahamia stoo na chini ya vitanda. Kama yako bado ipo, kuna fundi simu Sinza Kijiweni ana chumba cha pembeni cha kupokea vifaa vilivyokufa. Anavitenganisha, kisha vinachukuliwa na watu wa kurejeleza.

Utaniuliza, si vijana wa chuma chakavu wanapita kila asubuhi na mizani? Wanapita, na wanachukua kinacholipa tu. Mpe chogo, atang'oa koili ya shaba pale shingoni, nyaya atazichoma ngozi ya plastiki iishe, kioo atakiacha mtaroni. Kioo hicho ndicho chenye madini ya risasi. TV kubwa inaweza kubeba kilo nzima au zaidi, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Mtaani kwetu bei ya shaba kila mtu anaijua. Habari ya risasi nimeisikia kwa huyu fundi.

Kilichonivutia zaidi ni mikono yake. Nilimpelekea betri ya simu iliyovimba kama andazi. Hakuibonyeza. Aliziba ncha zake kwa utepe, akailaza kwenye kopo la mchanga mkavu, ndipo akasema, "Dada, hii ikitobolewa inaweza kuwaka." Nyuma yangu alikuwepo mama na tyubu ya taa iliyovunjika, kaifunga kwenye gazeti.

"Mama, uliifagia?"

"Sasa niiokote na nini, mwanangu?"

Akamweleza taratibu: ndani mna zebaki, ni sumu, na ufagio unairusha hewani. Fungua madirisha, watoto watoke, kusanya kwa karatasi ngumu, pitisha kitambaa chenye maji, vyote uvifunge kwenye chombo chenye mfuniko. Mama alisikiliza mpaka mwisho, na foleni nzima ikasikiliza naye. Semina za hotelini sijui kama zinafikia hapo.

Bei sasa, maana ndiyo inayogombanisha watu. Laptopu na simu mbovu anakupa kidogo, kwa sababu ya bodi ya ndani yenye madini yanayouzika. Chogo hakulipi; wewe ndiye unayelipa elfu tatu za kuisafirisha. Jirani yangu alisusa, akairudisha nyumbani na bajaji iliyomgharimu elfu tano. Mimi naona ni haki, kioo kile hakina mnunuzi.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Tangazo lake la mlangoni limeandikwa Kiingereza kitupu, na wateja wake wengi ni mama ntilie na wapangaji wa vyumba vya uani. Pili, anapokea simu bila kukukumbusha kutoa laini na memori kadi wala kufuta picha. Nilipomuuliza alicheka tu. Mimi sikucheka.

Umoja wa Mataifa unasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2022, na iliyokusanywa na kurejelezwa rasmi haikufika hata robo. Nahisi sehemu yake ipo uani kwa mwenye nyumba wangu.

Nenda Jumamosi asubuhi. Mchana chumba kinajaa, anaanza kuwarudisha watu.