Siku tatu darasani, mimi na msaidizi wangu

Nilipotoka hospitali miaka minne iliyopita baada ya kuumia shingo, muuguzi alimfundisha binti wa kaka yangu namna ya kunigeuza na kunihamisha. Nilikuwa nimelala palepale, wanaelekezana kama watu wanaohamisha kabati. Kwa hiyo niliposikia kuna mafunzo hapa Dar, mwenye ulemavu aje na msaidizi wake, nilienda bila matumaini makubwa. Nauli walirudisha, nikasema twende tu.

Zoezi la kwanza: kutoka kwenye kitimwendo kwenda kitandani. Mkufunzi, naye yuko kwenye kiti, akamzuia binti yetu. "Usimshike. Subiri akuelekeze." Nikaduwaa. Nahamishwa kila siku, na sijui hata pa kuanzia! Tukaenda hatua kwa hatua: kiti kisogee ubavuni mwa kitanda, breki zote mbili zifungwe, vikanyagio vitolewe, nivutwe mbele kidogo, nyayo zikae sakafuni. Na wa kuhesabu moja, mbili, tatu ni mimi. Siku zote alihesabu yeye, tena akinyanyua kwenye mbili.

"Shangazi, kumbe ulikuwa unaumia?"

Bega, ndiyo. Sikuwahi kumwambia, nikiogopa ataona nalalamika.

Lingine lililonifungua macho ni presha. Sisi tulioumia uti wa mgongo sehemu za juu, mpira wa mkojo ukijikunja tu, presha inaweza kupanda ghafla: kichwa kinagonga, jasho linatoka usoni. Mimi nilikuwa nalazwa chali na kupewa panadol! Kumbe unakalishwa wima, nguo zinalegezwa, mpira unakaguliwa. Hali isipotulia, hospitali mara moja. Tulisikia wote wawili, sasa hakuna ubishi nyumbani.

Kasoro zipo. Mlango wa choo cha ukumbi ulikuwa mwembamba, kiti hakipiti. Kwa mafunzo haya ni aibu. Asubuhi nzima ilienda kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, lakini nilipouliza msaidizi analipwa na nani, nikajibiwa mambo ya upendo na uvumilivu. Binti huyu ana miaka ishirini na mbili, namkatia kidogo kwenye hela ya mboga.

Nawapa nne kwa tano. Ukienda, uliza choo kwanza.

Jana usiku alijisahau, akaanza kuhesabu. Nikamkatiza kwenye moja, tukacheka, nikaanza upya mwenyewe.