Folda ya wazimu: filamu za magonjwa ya akili katika kibanda kimoja cha Birere

Katika kibanda kimoja cha Birere, hapa Goma, ambako vijana huwanakilia wateja filamu katika flashi na kadi za simu, kuna kompyuta ambayo folda zake zimepangwa kwa namna inayomrahisishia muuzaji kazi: VITA, MAPENZI, KIHINDI, NIJERIA, YESU, na mwishoni kabisa WAZIMU. Kwa miezi miwili nimekuwa mteja wa folda hiyo ya mwisho. Filamu moja ni franka 500, flashi unakuja nayo mwenyewe, na ukiwa na haraka unaiacha asubuhi na kuipitia jioni ukitoka kazini. Kijana mwenye kibanda ana adabu, na paneli yake ya sola haimwangushi hata umeme wa mtaa ukikatika. Kuhusu huduma sina malalamiko makubwa, isipokuwa moja nitakalolieleza. Kilichonifanya niandike ni vilivyomo ndani ya folda yenyewe.

Filamu nyingi humo ni za wauaji. Mtu anacheka peke yake, anashika kisu, na jina la ugonjwa linatajwa mara moja tu ili mtazamaji asitafute sababu nyingine. Inayonunuliwa zaidi ni Joker ya mwaka 2019, iliyompatia Joaquin Phoenix tuzo ya Oscar, na sikatai kwamba ina dakika zake za kweli. Arthur, mhusika mkuu, mwenye kicheko asichoweza kukizuia, anampa mama mmoja ndani ya basi kadi ndogo inayoeleza kwamba kucheka kwake ni maradhi. Baadaye ofisi iliyokuwa ikimsikiliza inafungwa kwa kukosa fedha, naye anauliza dawa zake atazipata wapi. Yeyote aliyewahi kuzunguka maduka ya dawa ya mjini na karatasi ya daktari mkononi, akijibiwa kila mlango kwamba zimekwisha, atakielewa kipande hicho bila mtafsiri. Kisha filamu inakimbilia bastola, na mtazamaji anarudi nyumbani akimwogopa jirani yake mgonjwa kuliko alivyomwogopa asubuhi.

Za Nijeria tunazijua sote. Mke mwenza aliyeweka sumu katika chakula anamaliza dakika za mwisho akiokota makopo jalalani, nywele timutimu, na hapo ndipo tunaambiwa kwamba haki imetendeka.

A Beautiful Mind ndiyo iliyonirudisha kibandani mara tatu. Ni filamu ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Ron Howard, ambamo Russell Crowe anamwigiza John Nash, mwanahisabati wa Marekani aliyeugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aone visivyokuwapo, na ambaye mwaka 1994 alipata tuzo ya Nobel ya uchumi. Ubora wake ni kwamba kwa karibu nusu nzima unaona anachokiona Nash na hujui kama unadanganyika: rafiki yake wa chumbani Charles, mpwa wa Charles aitwaye Marcee, na afisa wa siri Parcher wanaingia na kutoka milangoni kama watu wengine wote, wanatania, wanakasirika, wanavaa kofia. Siku unapoambiwa kwamba hawakuwapo kamwe, unawapoteza watatu kwa mkupuo, na ile fedheha ya kuwa uliwaamini inakubakia wewe uliyeketi na akili zako timamu.

Sasa, nakala ya kwanza niliyouziwa ilikuwa ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, yenye sauti ya mtafsiri juu ya sauti za waigizaji. Charles hajamaliza hata kuvuka mlango, mtafsiri akatangaza kwa furaha kwamba jamaa huyu hayupo, ni mambo ya kichwani mwa chizi wetu. Nawapenda watafsiri hawa, wamewafungulia mama zetu dunia ambayo Kiingereza na Kifaransa viliwafungia, lakini hapa kazi yote ya mwongozaji ilibomolewa kwa sentensi moja. Ombeni nakala ya Kifaransa, ambayo imo katika folda hiyohiyo, hata kama itabidi mtu mmoja awaelezee wengine kwa sauti ya chini.

Kuna kipande kimoja ambacho nimekitazama mara nyingi. Nash ameacha dawa kwa siri, mkewe Alicia amegundua hatari aliyomo mtoto wao mchanga, naye anakimbilia garini aondoke. Mvua inanyesha. Nash anatokea mbele ya gari na kumwambia jambo alilolihesabu mwenyewe, kama mtu wa hesabu: Marcee hawezi kuwa mtu wa kweli, kwa sababu miaka yote hii hakui. Hakuna daktari aliyemfundisha hilo. Mgonjwa ametumia sehemu ya akili yake iliyo nzima kuikamata ile iliyo gonjwa, na sijaona filamu nyingine iliyomheshimu mgonjwa kiasi hicho.

Ina uongo wake, na familia zenye mgonjwa ziujue kabla ya kuigeuza mwongozo. Nash mwenyewe alisumbuliwa na sauti, wala si watu waliovaa kofia. Ndoa yake na Alicia ilivunjika mwaka 1963, mama huyo akampokea tena nyumbani kwake mwaka 1970, na wakafunga ndoa upya mwaka 2001. Filamu imeyafuta hayo yote, ingawa kwangu mimi mwanamke aliyempa paa mtu aliyekwisha achana naye ni hadithi kubwa kuliko ile ya kuvumilia bila kuondoka. Ile sherehe ya maprofesa kumwekea Nash kalamu mezani nayo ni ya kubuniwa. Na filamu inamfanya aseme kwamba anatumia dawa za kisasa, wakati Nash halisi alieleza kwamba aliziacha tangu 1970. Huu uongo wa mwisho naukubali, kwa sababu ninayo nyumbani kwetu sababu ya kuukubali.

Sababu hiyo ni mtoto wa shangazi yangu, ambaye husikia sauti tangu alipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Shangazi alimweka miezi mingi katika chumba cha maombi, nami nilikuwa nimeanza kumshawishi tumpeleke Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili ambacho kila mtu wa Goma anakijua kwa jina. Jioni moja alinikuta nikitazama One Flew Over the Cuckoo's Nest, akaketi.

Kama sanaa, filamu hii ya Milos Forman, ya mwaka 1975, haina mpinzani katika folda. Ilipata Oscar tano kubwa. Ilipigwa ndani ya hospitali halisi ya magonjwa ya akili huko Salem, katika jimbo la Oregon, na mkurugenzi wa hospitali hiyo, Dean Brooks, ndiye anayeigiza daktari. Louise Fletcher, katika nafasi ya muuguzi mkuu, ni nadra kupandisha sauti. Anawavunja wanaume wazima kwa upole, kwa ratiba na kwa vikombe vidogo vya vidonge. Lakini mgonjwa McMurphy, anayeigizwa na Jack Nicholson, anapolazwa kitandani na kupigwa umeme kichwani akiwa macho, meno yameuma kitu walichomtia mdomoni, shangazi aliinuka. «Mtoto wangu, ni huko unataka nimpeleke ndugu yako?»

Nilimweleza kwamba ile ni hadithi ya Marekani ya mwaka 1963. Kwamba siku hizi tiba ya umeme, pale inapotolewa inavyopasa, mgonjwa huwa amelazwa usingizi kwa dawa, misuli imelegezwa, na hutumika zaidi kwa sonona kali, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa. Kwamba ule upasuaji wa ubongo anaofanyiwa McMurphy mwishoni uliachwa kadiri dawa zilivyoenea tangu miaka ya 1950. Alinisikiliza kwa heshima na hakuamini hata neno. Na hapa ndipo lilipo lalamiko langu: nakala ya kibandani ilikatika McMurphy anaporudishwa kitandani akiwa mtu aliyezimika, kabla ya mgonjwa mwenzake Chifu kuling'oa sinki zito la mawe la chumba cha kuogea, kuvunja dirisha na kukimbia kuelekea mlimani. Shangazi aliondoka akiwa ameona kitanda tu. Kijana alinirudishia franka 500 bila ubishi, ila hasara yangu haikuwa hiyo.

Wiki iliyofuata nilimwomba anipakulie filamu ambayo hakuwa nayo, Sur l'Adamant ya Nicolas Philibert, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2023. Alichukua siku sita na franka 1,000. Ni filamu ya watu halisi katika kituo cha mchana kinachoelea juu ya mto Seine, mjini Paris, jengo la mbao lenye madirisha yanayofunguka juu ya maji. Inaanza na mwanamume anayeimba kwa mapafu ya mhubiri. Baadaye watu wanachora, wanauza kahawa, wanahesabu sarafu za kahawa hiyo na kuzirudia. Hakuna anayevaa koti jeupe. Ni ndefu, na mtoto wa shule atalala katikati. Shangazi hakulala, kila uso mpya ulipotokea aliniuliza kama huyu ni mgonjwa au muuguzi, nami nilimjibu kwa uhakika, na mara mbili nilikosea.

Nilimshauri kijana aiweke mahali pa heshima, na ikiwezekana abadilishe jina la folda, aandike UGONJWA. Alicheka. «Papa, nikiandika UGONJWA watu watadhani ni filamu za Ebola.» Ameiweka katika KIFARANSA, folda isiyofunguliwa na mtu, ukifika, iulize kwa jina.